Tui la Baada ya Kupuliza

Pande, Kilwa. Jumapili, katikati ya Julai.

Kipupwe kimekaza. Kumepambazuka na ubaridi ambao watu wa nyanda za juu wangeucheka, lakini sisi wa pwani tumeutolea masweta. Umande umelala juu ya mikorosho, upepo hakuna hata wa kutikisa jani. Asubuhi ya namna hii, majira haya, huku kwetu ina maana moja: ni asubuhi ya kupuliza dawa.

Sina hasira leo. Nimejipapasa ndani kama mtu anayetafuta ufunguo, sikuiona. Wanaonisoma hapa mtandaoni wanajua jinsi jambo hilo lilivyo nadra. Nimegombana hapa na madiwani, na waganga wa chupa moja inayotibu kila kitu kuanzia kisukari mpaka mume mkorofi, na wasomi wanaodhani mkulima hasomi kwa sababu hajibu barua pepe. Nimegombana na watu waliokuwa upande wangu. Leo nataka kuandika polepole.

Nimekuja kwa mama kutoka Masoko tangu Ijumaa kwa sababu ya ini la mdogo wangu.

Hamisi ni mpulizaji. Kwa asiyetoka mikoa ya korosho: mkorosho ukianza kuchanua, ua lake lina maadui. Kuna ubwiri unga, ukungu mweupe unaolikausha ua kabla halijashika, na kuna wadudu wanaofyonza machipukizi. Ubwiri hupigwa kwa salfa, wadudu hupigwa kwa dawa ya maji. Mpulizaji hubeba mgongoni bomba lenye injini, huzunguka mti mmoja baada ya mwingine, na wingu linalotoka mdomoni mwa bomba huwa halina adabu ya kwenda juu peke yake. Linamrudia. Hamisi hupuliza shamba letu, kisha na rafiki yake Shomari hupuliza ya watu wengine kwa malipo, tangu maua ya kwanza mpaka korosho zishike.

Tena Hamisi ni mwadhini wa msikiti wetu mdogo. Lishike hilo, maana lina uzito wake.

Alianza kuchoka. Si uchovu wa kazi, anasema, ule anaujua. Huu ni wa kuamka nao. Akahisi na uzito chini ya mbavu za kulia, kama aliyemeza kitu kikakataa kushuka. Mkewe, ambaye sasa yuko Kinjumbi kwa dada yake aliyejifungua, alimlazimisha kwenda hospitali kabla hajasafiri. Wakampiga picha ya tumbo, wakatoa damu. Daktari, kijana mpole, akamwambia ini limejaa mafuta, na damu inaonyesha kwamba chembe hai za ini zinaumia.

Kisha akamuuliza kama anakunywa pombe.

Hamisi akasema hanywi. Daktari akauliza kwa njia nyingine, kama ya kumfungulia mtu mlango wa nyuma. Hamisi akasema hanywi. Daktari akauliza hata zamani, ujanani, na marafiki? Nilikuwapo, nimekaa kwenye benchi karibu yake, nikaona shingo ya mdogo wangu inavyovimba. Mtu anayewaamsha wenzake kwa ajili ya Swala anaulizwa habari za chupa kana kwamba anaombwa akiri.

Ndipo daktari akauliza kazi yake. Akasikiliza, akaweka kalamu chini. Akasema hawezi kuapa kwamba ni dawa, maana sukari nyingi na kitambi navyo hujaza ini mafuta, na Hamisi chai yake ni ya sukari tupu. Lakini akasema hivi, na mimi nikayashika: ini hili limejeruhiwa, ukilipa nafasi litajitibu, ukiendelea kulipiga halitaweza. Msimu huu usishike bomba. Urudi tukupime.

Hamisi akaitikia kwa kichwa. Maua yakafunguka. Alhamisi mama akanipigia simu kuniambia, kwa furaha, kwamba mdogo wangu ana nafuu na ameshateremsha bomba kulisafisha. Jumapili alfajiri ataanza.

Ijumaa nikawa njiani.

Naandika hapa kwanza kile ninachokielewa, maana nimekisoma kwa siku nyingi na bado kinanishangaza. Kinacholiwa na kunywewa hupita kwenye ini kama mzigo upitavyo forodhani, na kinachoingia kwa ngozi na pumzi nacho mwisho wake hufika pale. Sumu nyingi za mashambani hazipatani na maji, zinapatana na mafuta. Figo haziwezi kuitoa sumu ya namna hiyo kwa mkojo mpaka ini liigeuze kwanza. Na katika kuigeuza, mara nyingine huzaliwa kitu kikali kuliko sumu yenyewe. Hakiishi muda mrefu, lakini kinazaliwa ndani ya chembe ileile iliyokuwa inajaribu kutusaidia. Kinaunguza utando wake. Kinaharibu vijitanuri vidogo ambamo chembe huchoma mafuta kupata nguvu.

Na ini halihifadhi mafuta kwa kupenda. Kazi yake ni kuyachoma, au kuyafunga kwenye vifurushi vya protini na kuyapeleka kwenye damu yakatumike kwingine. Chembe iliyopigwa haichomi, wala haifungi. Mafuta yanaendelea kuletwa, hayaondoki. Yanakuwa matone madogo, kisha makubwa, mpaka kiini cha chembe kinasukumwa pembeni kama mwenye nyumba aliyezidiwa na wageni.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mafuta kwenye ini na hajawahi kuonja pombe maishani.

Hili ningelipigia ngoma. Hapa kijijini palikuwa na mtu, Mungu amrehemu, aliyeambiwa hospitali kwamba ini lake lina mafuta. Habari ilimtangulia kufika nyumbani. Akaitwa Bwana Chupa. Alikufa akiitwa Bwana Chupa, na watoto wake wakaitwa wa Bwana Chupa, na kila aliyemjua vizuri alijua kwamba hajawahi kunywa. Hamisi amekua akilisikia jina hilo. Ndiyo maana alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata Shomari. Tulijua mkewe, mama, na mimi.

Najua nani ataniandikia hapo chini. Utakuja wewe, bwana wa "mbona babu zetu walipuliza wakaishi". Babu yako, bwana, alipuliza unga wa salfa peke yake, kama alipuliza. Utakuja na wewe wa "wavae vifaa". Nakuomba uje na vifaa vyenyewe, uvivae, uzunguke na bomba jua linapopanda, kisha tuzungumze. Na muuza dawa anayepima dawa kutoka kwenye dumu na kuimimina katika chupa ya soda isiyo na kibandiko, huyo simjibu leo. Ana siku yake.

Basi. Nimesema sina hasira.

Nilipofika Ijumaa sikuwa nimekuja kupambana na bomba tu. Nilikuja kupambana na bakuli.

Huku kwetu mpulizaji akirudi shambani haogi kwanza. Mwili wa moto ukipigwa maji, husemwa, sumu inakimbilia ndani. Anakaa upenuni na nguo zake zilezile apoe. Na akiwa anapoa anapewa tui. Wanaofuga wanatumia maziwa, sisi tuna nazi. Si tui la mchuzi. Ni lile zito la mkamuo wa kwanza, bichi, limetiwa chumvi kidogo. Linakata sumu. Kila mtu anajua linakata sumu, kama kila mtu ajuavyo kwamba mvua hulowesha.

Mama yangu ndiye mwenye tui la Hamisi. Hata Hamisi alipooa, mama hakumkabidhi mkewe kazi hiyo. Siku ya kupuliza yeye huamka, hukaa juu ya mbuzi ya nazi, hukuna nazi zilizokomaa sana kwa sababu ndizo zenye mafuta, hukamua kwenye kifumbu kwa mkono wenye nguvu kuliko umri wake, hufunika bakuli kwa sahani na kungoja. Nimemwona akingoja. Masikio yake huwa njiani. Hamisi akinywa tone la mwisho ndipo mama hupumua.

Na mimi nimesoma kwenye kibandiko cha boksi moja la dawa hizo, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi: aliyemeza asipewe maziwa wala mafuta. Kwa sababu ileile. Sumu inayopatana na mafuta, ukiikuta tumboni ukaimwagia mafuta, unaipa usafiri. Na mpulizaji humeza. Humeza mate yaliyochanganyika na ule ukungu, hulamba midomo, hupokea bakuli kwa mikono ambayo haijaoshwa. Kisha hukaa na nguo zilizolowa dawa zikimnywesha kwa ngozi, huku tui likimnywesha kwa tumbo.

Niliyajua haya yote nilipoingia uani. Nikadhani kuyajua kunatosha.

"Mama, shikamoo. Hilo tui la Hamisi halimsaidii. Linamuumiza."

Ndivyo nilivyoanza, mjinga mimi, mkoba bado begani.

"Marahaba. Karibu. Umekula?"

"Mama, nasema tui."

"Na mimi nasema umekula?"

Nikala. Kisha nikaanza tena. Nikaeleza forodha, vijitanuri, vifurushi. Mama alikuwa anachagua mchele, hakuinua macho. Nilipomaliza alipuliza makapi kwenye ungo, akasema, "Kuna wenzake wameanguka mashambani, mate yanawatoka. Wangu ameanguka lini?"

"Hajaanguka, mama, lakini ini..."

"Hajaanguka. Nani alikuwa anamkunia nazi? Wewe? Wewe ulikuwa huko Masoko unagombana na watu usiowaona."

Nikatoa simu nimsomee maneno ya kibandiko, nilikuwa nimeyapiga picha. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. Kisha akauliza, "Hiyo simu imezaa wangapi?"

Hamisi alikuwa mlangoni anafunga kikoi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, mjadala na mama hauna mwenyekiti. Utaongea mpaka uombe maji."

"Wewe usicheke. Daktari alikwambia nini?"

Akaacha kucheka. "Aliniambia nipumzike. Nimepumzika. Sasa maua yamefunguka, dada. Nikikaa, mashamba ya watu yatapulizwa na nani? Na nikiwaambia siendi, niwaambie kwa nini? Nina ini la mafuta?" Akashusha sauti kwenye neno hilo, ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Wakaniite nani?"

 

Ijumaa hiyo nilishindwa vizuri sana. Nilishindwa na mama kwa hoja na nikashindwa na mdogo wangu kwa aibu. Nikaenda kulala nikitunga kichwani makala ya kuwachana wauza dawa, kwa sababu hao angalau hawakunizaa.

Jana mchana ndipo lilipotokea jambo ambalo nalifikiria mpaka sasa.

Mama alikuwa anapika mafuta ya nazi. Si ya kula, ya nywele na ngozi, yale anayotia maua ya asumini. Sina hakika kama kuna mwanamke hapa jirani anayeyapika kama yeye. Nilikaa karibu yake kwa sababu nilikuwa nimechoka kugombana, na harufu ile hunirudisha kwenye mikeka ya utotoni. Tui linachemka, maji yanakwenda zake, mafuta yanajitenga juu yaking'aa, chini kunabaki mashapo ya kahawia ambayo tulikuwa tunagombea kuyakwangua. Akateremsha sufuria, akangoja ipoe kiasi, akatupia maua.

Nikamuuliza bila nia yoyote, naapa, kama mtu anayeulizia tu jambo alilokulia: "Mama, kwa nini asumini usizitie kwenye maji? Ungeokoa nazi."

Akanitazama kama anayejiuliza walinifundisha nini huko shuleni.

"Maji yanashika nini? Ukizitia kwenye maji, zitanukia leo, kesho ni maji tu. Harufu ya ua inataka mafuta. Ikishaingia kwenye mafuta haitoki. Chupa ya mafuta haya ukiiosha kwa sabuni, ukaianika, mwakani ukiinusa bado imo."

Akaendelea kukoroga. Nilihisi neno limekaa ulimini, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikulitaka. Kulikuwa na njia ya kumshinda mama, nilikuwa nimeiona, na ilikuwa inapita katikati ya kitu anachokipenda.

Nilisema. Siku ya pili yake ilikuwa siku ya bomba, ningefanya nini?

"Na dawa ya Hamisi, mama. Nayo ndivyo ilivyo. Haishikwi na maji. Inataka mafuta."

Kijiko kikasimama.

Alitazama ndani ya sufuria, maua yalikuwa yameanza kunywea pembeni. Aliyatazama kwa muda kama mtu anayesoma. Ningependa kuandika kwamba nilijisikia mshindi. Nilijisikia kama mtu aliyevunja chungu cha mwenzake ili kuonyesha kwamba kina ufa.

"Kwa hiyo ikiwa tumboni na tui limo," akasema, akisema na sufuria zaidi kuliko na mimi, "inashika."

"Inashika, mama. Inaingia nalo."

"Halafu haitoki."

"Inatoka kwa shida. Ini ndilo linalohangaika kuitoa."

"Na mimi nachagua nazi zilizokomaa."

Hapo nikataka kumdanganya. Nimeandika dhidi ya uongo tangu nilipojua kuandika, na jana uongo ulikuwa umenijaa kinywani, mtamu, uko tayari. Ningeweza kusema dawa za zamani zilikuwa tofauti. Ningeweza kusema kwamba tui kidogo haliwezi kufanya lolote. Nikasema tu ninachokijua: kwamba tui halikuleta sumu, sumu ililetwa na bomba, kwamba nyingi huingia kwa ngozi na pumzi bila kungoja bakuli la mtu, kwamba hata daktari hawezi kusema ni sehemu gani imetoka wapi, na huenda sukari ya chai ina mkono wake pia.

"Lakini nalo limo," mama akasema.

"Huenda limo, mama."

Akaitikia "haya", kimya kimya. Akafunika sufuria. Akaenda kutawadha, alasiri ilikuwa imeingia.

Jioni yote hakuzungumza na mimi, wala hakuninunia. Alinipakulia chakula kama kawaida. Hamisi alitia mafuta kwenye injini ya bomba, akaliwasha kulijaribu, likakohoa, likanguruma, akalizima. Nilimtazama mama. Alikuwa anakunja nguo. Nikajua nimeshindwa tena: tui nimeliondoa, bomba liko palepale, na mdogo wangu atakwenda shambani bila hata ule ujinga uliokuwa unampa moyo. Nilikuwa nimebomoa nusu ya nyumba. Hiyo ndiyo kazi yangu siku zote, nikiwa mkweli. Nabomoa vizuri sana.

Leo alfajiri nimemsikia Hamisi akiadhini. Sauti yake haijaguswa na chochote. Nimekaa kitandani nikaisikiliza mpaka mwisho.

Aliporudi msikitini alivua kanzu, akavaa zile nguo za kupulizia zilizogeuka rangi, akaenda kwenye chumba cha uani tunakowekea zana. Mama alikuwa ameshafika. Amekaa kwenye kigoda, katikati ya mlango, khanga imemfunika mpaka magotini. Mikono mitupu. Mbuzi ya nazi ilikuwa imeegeshwa ukutani jikoni.

"Mama, naomba nipite."

"Hakuna tui leo."

"Dada ameshaniambia. Haidhuru, nitakunywa maji."

"Sikusema utakunywa nini. Nimesema hakuna tui."

Hamisi akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayemsubiri mzazi amalize. "Sawa, mama. Naomba nipite. Shomari ananingoja shambani kwake, jua likipanda umande utakauka."

Mama hakusogea. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuulizia chumvi, "Sikiliza, Hamisi. Mimi sikuwahi kuipenda kazi hii. Tangu ulipoanza, kila ukiinua hilo bomba moyo wangu unaruka. Nikajiambia, tui lipo. Atarudi, nitampa, litakata. Nilikuwa nakuruhusu kwa sababu ya tui. Sasa dada yako amekuja ameniambia tui si kinga. Basi kama si kinga, huna kinga. Nilikuwa nakutoa hivihivi. Leo sikutoi."

"Mama, mimi mtu mzima. Nina watoto."

"Ndiyo, na mama yao nimwambie nini akirudi kutoka Kinjumbi?"

Hamisi akanigeukia. "Dada, unaona ulichofanya?"

Nilikuwa naona. Mimi nilikuwa nimebishana kuhusu bakuli. Mama alichukua hoja yangu pale nilipoiachia, akaenda nayo hatua moja mbele, akaikalia mlangoni. Hakukuwa na la kuongeza, na angalau mara hii nililijua hilo kwa wakati.

Akasimama pale na nguo zake za kazi, mikono inaning'inia. Ungemtazama ungedhani atamnyanyua mama na kigoda chake amweke kando, ana uwezo huo. Hakufanya. Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa ni Shomari. Akaiacha ilie. Ikakata, ikalia tena.

Nilijua anachopima, maana mimi mwenyewe nilikuwa nakipima. Aseme mama amemkalia mlangoni? Mwanamume wa umri wake? Watacheka mpaka korosho zikomae. Au aseme lile jingine, na kesho kutwa aadhini huku wanamnong'ona.

Akapokea. "Shomari, siji." Akajibiwa kitu. "Siji leo wala wiki hii. Msimu huu siji." Upande wa pili sauti ilipanda, tulisikia mlio bila maneno. Hamisi akafumba macho.

"Naumwa ini," akasema. "Nimepimwa. Lina mafuta, na linaumia. Usinikatize, subiri. Sijawahi kunywa, na wewe unajua sijawahi. Daktari anashuku hii dawa. Hii hii tunayopuliza."

Kisha akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu kiasi kwamba nikadhani simu imekatika. Nilitega sikio nisikie kicheko, nikaanza hata kumtungia Shomari matusi, yako tayari, ya daraja la kwanza. Mama alikuwa ameinua uso.

"Wapi?" Hamisi akasema kwenye simu, polepole. "Kulia? Chini ya mbavu?" Akasikiliza tena. "Tangu lini? Mbona hukusema?... Ee. Ee, najua. Hata mimi."

Akaishusha simu, akaifunika kwa kiganja, akanitazama.

"Anauliza kile kipimo cha picha wanafanya siku gani. Anasema kama ni leo, anakuja leo."

Leo ni Jumapili. Nimesoma habari za ini mpaka naweza kuichora chembe yake kwa kidole mchangani, na siku za kipimo sizijui. Nimemwambia Hamisi amwambie Shomari azime bomba, avue nguo hizo, aoge kwa sabuni sasa hivi, mwili ukiwa wa moto au baridi, na asinywe tui. Na kesho asubuhi, ofisi zikifunguliwa tu, nitaipigia simu hospitali, niulize kwa upole, niwawekee nafasi wote wawili.